Uwanja wa mtindo wa Uchina ya kale: anza na sakafu, joka litasubiri

Mteja anayetaka uwanja wa umma "wenye sura ya Uchina ya kale" huja na picha zilezile kwenye simu: lango jekundu lenye paa lililopinda ncha, simba wawili wa mawe, taa nyekundu za duara zimetundikwa mstari mzima, na joka mahali fulani, ama limechongwa ukutani ama limechorwa sakafuni. Mimi ni msanifu wa mandhari, kazi hii niliisomea Xi'an, na viwanja ndivyo vinavyonilisha, kwa hiyo simkatishi mtu tamaa siku ya kwanza. Namwacha amalize picha zake, kisha namwambia jambo ambalo wengi hawalitarajii: Uchina ya kale haikuwa na uwanja wa umma.

Nasema uwanja kwa maana tuliyoizoea leo, mahali pa wazi katikati ya mji ambapo yeyote anaingia bila kuulizwa, anakaa anavyopenda na anaondoka akichoka. Chukua Chang'an, mji mkuu wa nasaba ya Tang, ambao leo ndio Xi'an. Ulianza kujengwa mwaka 582, wakati wa nasaba ya Sui, kwa ramani ya Yuwen Kai, ukaenea kilomita za mraba zipatazo 84. Barabara yake kuu, Zhuque, ilikuwa na upana wa mita 150 hivi. Ukiisoma namba hiyo haraka unadhani watu walijaa humo kama sikukuu. Kumbe wakazi waliishi ndani ya mitaa zaidi ya mia moja, kila mmoja umezungushiwa ukuta wake na malango yake, na ngoma ikipigwa jioni malango yanafungwa. Ukikutwa barabara kuu baada ya hapo, una la kujibu. Hata masoko mawili ya mji, la mashariki na la magharibi, yalikuwa na saa zake: yakifunguliwa adhuhuri kwa mapigo 300 ya ngoma, yakifungwa kabla ya jua kutua kwa mapigo 300 ya upatu.

Mambo yalilegea baadaye. Katika Kaifeng, mji mkuu wa nasaba ya Song ya Kaskazini, kuta za mitaa zilikwisha nguvu, maduka yakageuza milango yao barabarani na masoko ya usiku yakashamiri. Lakini hata huko watu walikutana barabarani, juu ya daraja, mbele ya hekalu, kwenye nyumba za chai. Eneo kubwa lililo wazi lilibaki kuwa la mfalme. Tiananmen yenyewe, mjini Beijing, ambayo kila mtu akisikia "uwanja wa Uchina" ndiyo inayomjia, ilikuwa njia iliyofungwa kwa kuta na raia wa kawaida hakuruhusiwa kupita. Ilifunguliwa baada ya ufalme kuanguka kufuatia mapinduzi ya 1911, na ukubwa wake wa sasa ni wa upanuzi wa 1958 na 1959.

Historia hii inaingia moja kwa moja kwenye mchoro. Ukinakili ua wa kasri la kifalme ukauita uwanja wa umma, umenakili mahali palipobuniwa makusudi ili mtu ajione mdogo. Ua ulio mbele ya ukumbi wa Taihe mjini Beijing una mita za mraba zipatazo 30,000 na hauna mti hata mmoja. Kwa mfalme ulifaa sana, kwa sababu yeye alikuwa juu, kivulini, na waliosimama juani walikuwa wengine. Leo wanaosimama juani ni mama mwenye mtoto mgongoni na mzee aliyetoka hospitali. Katika Uchina ya kale tuchukue ufundi wa kupanga ardhi, ile amri iliyobebwa na ardhi hiyo tuiache.

Na ufundi wenyewe ni mwingi kuliko picha za kwenye simu.

Tuanze na mhimili, mstari wa kaskazini na kusini ambao kila kitu hupangwa kandokando yake. Kanuni za zamani kabisa za kupanga mji mkuu zinataja mraba wenye malango matatu kila upande, hekalu la mababu kushoto, madhabahu ya ardhi na nafaka kulia, baraza la mfalme mbele, soko nyuma. Beijing ina mhimili wa kilomita 7.8, kutoka lango la Yongding kusini hadi minara ya ngoma na kengele kaskazini, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Asiyeutembea kwa miguu hudhani ni barabara ndefu iliyonyooka tu. Mwenye kuutembea anaona kwamba hakuna mahali unapouona wote. Unapita lango jembamba lenye giza, unatokea kwenye ua mpana wenye mwanga, unavuka daraja, unaingia lango lingine. Kubana na kuachia, kubana na kuachia. Mwili unaelewa kwamba unaelekea mahali penye uzito kabla akili haijasoma kibao chochote.

Hilo linaazimika, tena bila gharama kubwa. Uwanja wa mita 60 kwa 60 tu unaweza kuwa na mwingilio mwembamba wa mita nne kati ya kuta mbili fupi, kisha ukafunguka. Ninachokataa ni kuweka kitu kizito katikati ya mhimili, sanamu au chemchemi, halafu watu walazimike kukizunguka kila siku wakienda kazini. Katikati paachwe pa kupita. Viti na miti viende pembeni, maana mtu hapendi kukaa mahali anapotazamwa na pande zote.

Kuna mfano mmoja ninaourudia kwa wanafunzi. Katikati ya Xi'an kuna Mnara wa Ngoma, uliojengwa mwaka 1380, na Mnara wa Kengele wa mwaka 1384, uliohamishiwa hapo ulipo mwaka 1582. Katika miaka ya 1990 nafasi iliyo kati ya minara hiyo ilipewa msanifu Zhang Jinqiu, mama ambaye tayari alikuwa amesanifu Jumba la Makumbusho la Historia la Shaanxi. Ardhi ya pale ni ghali mno, na mji ulitaka maduka. Angeweza kujenga jengo la ghorofa nne lenye mapaa ya vigae na hakuna ambaye angelalamika. Yeye aliyazamisha maduka chini ya ardhi, akaacha juu pawe wazi pasipo jengo la kuziba macho, majani yamepangwa kwa miraba, na upande mmoja ukashuka kwa ngazi kuingia kwenye ua ulio chini ya usawa wa barabara. Matokeo yake, ukisimama popote pale, minara miwili inaonana na wewe uko katikati ya mazungumzo yao. Ile miraba ya majani naisoma kama ramani ya mitaa ya Chang'an, ingawa si lazima kila mpita njia aione hivyo. Uwanja ule hauna joka. Hauna hata lango. Na hakuna anayeuliza kama ni wa Kichina.

Watengeneza bustani wa mji wa Suzhou waliujua ujanja huo zamani: kuliingiza ndani ya bustani yako jambo lililo nje ambalo si mali yako. Katika bustani ya Zhuozheng unasimama ukingoni mwa bwawa na kwa mbali, juu ya miti, unaiona pagoda, yaani mnara wa ghorofa nyingi, ya hekalu la kaskazini mwa mji kana kwamba ilijengwa kwa ajili ya bwawa lile. Kwa hiyo kabla sijachora chochote nauliza: hapa kuna nini kwa mbali kinachostahili kuonekana? Mlima, mnara wa msikiti, mbuyu, chochote. Mhimili wangu unaelekea huko.

Sasa tushuke chini, kwenye sakafu yenyewe, maana hapo ndipo mtu anapokanyaga.

Kusini mwa Beijing, ndani ya eneo la Hekalu la Mbingu, kuna madhabahu ya duara iitwayo Huanqiu. Ilijengwa mwaka 1530 na kupanuliwa mwaka 1749. Ina majukwaa matatu ya mawe, moja juu ya jingine, hayana paa, na yamezungushiwa ukuta wa duara ulio ndani ya ukuta wa mraba, kwa kuwa mbingu walihesabu ni duara na ardhi ni mraba. Kwenye jukwaa la juu kabisa kuna jiwe moja la duara katikati. Kulizunguka kuna mawe 9. Mzunguko unaofuata una 18, kisha 27, hadi mzunguko wa tisa wenye mawe 81. Waongoza watalii watakwambia tisa ni namba ya mbingu na ya mfalme, nao wanasema kweli, kisha watalii wanapanga foleni wapigwe picha juu ya jiwe la katikati.

Mimi jambo linalonivutia pale ni la fundi mawe. Jaribu mwenyewe kutandaza duara kwa mawe ya umbo la kabari. Ukitumia idadi ileile ya mawe katika kila mzunguko, ya ndani yanakuwa membamba kama vipande vya keki na ya nje yanakuwa mapana kupita kiasi, hayabebeki. Ukiongeza idadi ileile kila mzunguko, mambo yanabadilika, kwa sababu mzingo nao hukua kwa kiasi kilekile kila hatua. Mzunguko wa tisa una mzingo unaokaribia mara tisa ya ule wa kwanza, na mawe mara tisa. Basi upana wa kila jiwe unabaki karibu uleule kutoka katikati hadi ukingoni. Jicho linaona utulivu na halijui unatoka wapi. Fundi naye anachonga mawe ya ukubwa unaokaribiana, winchi ni ileile, unene ni uleule. Ibada na hesabu ya karakana zimekaa kwenye jiwe moja. Ukitaka kuchukua kitu cha Uchina ya kale ukiweke katikati ya uwanja wako, chukua hesabu hii. Wala si lazima iwe tisa. Nimeona sakafu nzuri iliyoanza na sita.

Rangi nayo ina hadithi yake. Watu wanadhani ni nyekundu na dhahabu kila mahali. Mji wa zamani wa Beijing, ukiutazama kutoka mlima wa Jingshan, ulikuwa wa kijivu: matofali ya kijivu, vigae vya kijivu, na katikati yake kasri lenye mapaa ya manjano. Manjano ile ilikuwa ya mfalme, raia hakuruhusiwa kuezekea nyumba yake. Nyekundu ya kuta za kasri inapiga macho kwa sababu imezungukwa na kijivu. Ukipaka kila kitu nyekundu umeiua. Sakafu zangu nyingi kwa hiyo ni za kijivu cha aina mbili au tatu, na rangi kali inakuja mahali pamoja tu.

Kama mteja anang'ang'ania rangi, nampeleka, kwa picha angalau, kwenye madhabahu ya Sheji, ile ya ardhi na nafaka, magharibi ya lango la Tiananmen. Ni jukwaa la mraba la mawe meupe, na juu yake umetandazwa udongo wa rangi tano: wa manjano katikati, wa buluu-kijani mashariki, mwekundu kusini, mweupe magharibi, mweusi kaskazini. Kila rangi na upande wake wa dunia. Ni udongo tu, na hauhitaji sanamu wala maandishi. Eneo lile, lililokuwa la ibada za mfalme peke yake, lilifunguliwa mwaka 1914 kuwa bustani ya umma, na leo limejaa wazee na vizimba vyao vya ndege. Uwanja mdogo unaweza kufuata mpango huo kwa mawe ya rangi tano, na mgeni akishaelezwa mara moja atajua kaskazini ni wapi.

Kuna pia sakafu za bustani za Suzhou, za kokoto na vigae vilivyovunjika. Ji Cheng, mtengeneza bustani wa mwishoni mwa nasaba ya Ming, aliziandikia maelezo kabisa, na wazo lake la kutotupa kigae kilichovunjika lingempendeza fundi yeyote wa leo. Kigae hukalishwa kwa ukingo wake kuchora mstari wa ua au wa mawimbi, kisha kokoto hujazwa ndani, nyeupe hapa, nyeusi pale. Ni nzuri mno kwa njia za pembeni. Kwenye njia kuu ya uwanja usiziweke: mwenye kiti cha magurudumu atakulaani, na mwenye viatu vya visigino pia. Ule mchoro wa barafu iliyopasuka, wa mawe yasiyo na umbo moja, unaweza kupita kwenye njia kuu mradi fundi akubali sharti moja, kwamba kila mahali pakutane viungo vitatu, visiwe vinne. Vikikutana vinne jicho linaona msalaba na barafu yote inageuka kuwa marumaru za bafuni zilizowekwa ovyo.

Maji ndiyo yanayoharibu viwanja vingi, na hapo Wachina wa kale walikuwa mabingwa. Ardhi ya kasri la Beijing inateremka kidogo kutoka kaskazini kwenda kusini, na jukwaa la kumbi tatu kuu lina vichwa vya joka vya mawe zaidi ya 1,100 vinavyochomoza chini ya vizuizi vyake. Vingi vimetobolewa mdomoni. Mvua kubwa ikinyesha vinatema maji yote pamoja na ua haugeuki bwawa. Joka la namna hiyo nalikubali kwenye mchoro wangu mara moja, kwa sababu lina kazi. Mjini Ganzhou, mkoa wa Jiangxi, mifereji ya chini ya ardhi iitwayo Fushou, inayohusishwa na ofisa Liu Yi wa karne ya 11, sehemu yake inapitisha maji hadi leo. Mahali inapotokea mtoni kuna milango isiyohitaji mlinzi. Mto ukijaa, uzito wa maji yake unausukuma mlango ufunge yasirudi mjini. Mto ukipungua, maji ya mji yanausukuma ufunguke. Mji pia ulikuwa na mabwawa yaliyounganishwa na mifereji hiyo ili maji yapate pa kusubiri.

Kwa uwanja wa leo mimi hutoa mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, na kuyaelekeza maji kwenye mitaro ya miti kabla hayajafika kwenye bomba la mji. Usiweke uwanja tambarare kabisa eti unapendeza kwenye picha.

Lango kubwa la mapambo, lile la kwanza kwenye picha za mteja, kwa kawaida ndilo la mwisho kwenye bajeti yangu. Kinachofanya kazi zaidi ni ukuta wa kusitiri, unaosimama peke yake mbele ya mwingilio ili ndani pasionekane moja kwa moja. Ule wa majoka tisa mjini Datong, wa mwaka 1392, una urefu wa mita 45 na kimo cha mita 8. Ukuta wa mita mbili na nusu unatosha kabisa kuficha kituo cha daladala na kupunguza honi, na mtu anayeuzunguka anapata ile hali ya kuingia mahali pengine. Uweke benchi upande wake wa ndani, kwa sababu watu hupenda kukaa mgongo ukiwa na kinga.

Mababu zetu wa pwani waliwahi kuazima kwa Wachina, na waliazima vizuri. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, bakuli za Kichina zilizamishwa kwenye lipu ya chokaa, juu ya matumbawe yetu, kwenye kaburi la umbo letu; nyingine zimekwisha ng'olewa na yamebaki matundu ya duara. Hakuna aliyejenga pagoda.

Nimeacha watu hadi sasa kwa makusudi, maana sehemu hii inakuja baada ya ramani kukamilika na huibadilisha ramani yote. Nenda kwenye uwanja wowote wa Kichina alfajiri. Kuna wazee wa taiji, mazoezi ya Kichina ya polepole, wanaohitaji sakafu kavu isiyo na ngazi na kivuli cha asubuhi. Kuna waandishi wa maji: mzee mwenye brashi ndefu kama fimbo, kichwa chake cha sponji, ndoo pembeni, anaandika shairi la zamani juu ya mawe kwa maji matupu, herufi moja kwa kila jiwe, na akifika mstari wa nne ule wa kwanza umekwisha kukauka. Yeye ndiye mkaguzi wangu wa mawe. Graniti iliyochomwa moto ili isiteleze inamnyonya maji na herufi inasambaa. Iliyong'arishwa inateleza na kuvunja watu nyonga. Iliyosuguliwa kiasi, bila kung'aa, inamfaa yeye na mpita njia, nami huiweka kwenye eneo moja lililo pembeni ya njia kuu, vipande vya mraba vya sentimita 60. Chini ya mti kuna meza za mawe za mchezo wa xiangqi, sataranji ya Kichina, wawili wakicheza na wanane wakitoa ushauri ambao haujaombwa. Mti wenyewe Xi'an ni guohuai, mti rasmi wa mji, na shimo lake liwe na udongo wa kutosha chini ya sakafu, la sivyo baada ya miaka michache mizizi inanyanyua mawe yako yote ya hesabu.

Jioni zamu ni ya kina mama wa kucheza. Safu kwa safu, spika moja kubwa, nyimbo zilezile hadi saa tatu usiku, na wenye ghorofa za jirani wakipiga simu kulalamika. Ugomvi huo umekuwa habari ya kitaifa Uchina zaidi ya mara moja, nao huwezi kuumaliza kwa kibao cha kukataza. Unachoweza ni kuwapa mahali pao: eneo tambarare la mita 20 kwa 15 hivi, mbali na madirisha ya watu, ukuta wa kusitiri ukiwa kati yao na nyumba, taa zisizopiga machoni, na umeme. Soketi iwe na kifuniko na kufuli, na ufunguo awe nao kiongozi wa kikundi, asipewe mlinzi wa zamu ya usiku.